Kutoka London hadi Amsterdam kwa Ndege: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umbali na Muda wa Safari

Umbali kati ya London na Amsterdam ni kilomita ngapi?

Ukipima kuanzia Charing Cross, mahali ambapo kwa desturi Waingereza huanza kuhesabu umbali wa kutoka London, hadi kwenye uwanja wa Dam ulio katikati ya Amsterdam, unapata takriban kilomita 358 kwa mstari ulionyooka. Hizo ni kama maili 222 za nchi kavu, au maili 193 za baharini, ambacho ndicho kipimo cha marubani, na kila maili moja ya baharini ni mita 1,852.

Hata hivyo hakuna ndege inayopaa Charing Cross wala inayotua Dam. Kwa abiria, umbali wenye maana ni ule wa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, na kutoka Heathrow hadi Schiphol ni takriban kilomita 371. Msomaji wa Tanzania anaweza kulinganisha na safari ya angani ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo ni ndefu kidogo kuliko hii. Tofauti ni kwamba hapa katikati kuna bahari, mpaka wa nchi mbili, tofauti ya saa, na baadhi ya anga zenye msongamano mkubwa zaidi duniani, na hayo manne ndiyo yanayozaa maswali mengi yanayofuata.

Mbona kila nikitafuta mtandaoni napata namba tofauti?

Kwa sababu kila anayetoa namba amepima kitu chake. London ina viwanja kadhaa vya ndege vilivyotawanyika pande zote za jiji, na Amsterdam una mmoja tu unaohusika hapa, Schiphol. Kutoka Gatwick, ulio kusini, ni kama kilomita 365. Kutoka Luton ni kama 354. Kutoka London City, ulio mashariki ya jiji kando ya mto Thames, ni kama 336, na kutoka Stansted ni kama 313. Southend, ambao unaitwa wa London ingawa uko Essex karibu kabisa na bahari, uko kilomita 290 hivi tu kutoka Schiphol. Kwa hiyo mtu anayesema 313 na mwingine anayesema 371 wote wanaweza kuwa wamesema kweli.

Namba hizo zote ni za mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, ambao ukiuchora kwenye ramani bapa huonekana kujipinda kidogo. Ukiona namba kama 530 au 540, hiyo ni ya barabara, kwa sababu gari hulazimika kushuka kusini mashariki hadi Folkestone au Dover, livuke kwenda Calais, kisha lipande kaskazini kupitia Ubelgiji.

Kuna namba ya nne ambayo haitajwi mara nyingi, nayo ni umbali ambao ndege huruka hasa. Ndege inayopaa Heathrow kuelekea magharibi, yaani kule inakoelekezwa na upepo wa siku nyingi, huanza kwa kuipa mgongo Amsterdam. Hugeuka, ikafuata njia iliyopangiwa kuondokea London, ikavuka pwani ya mashariki ya Uingereza, na ikifika Uholanzi huzungushwa tena hadi ilingane na njia ya kutua. Kwa hiyo zile kilomita 371 huishia mara nyingi kuwa 400 na ushei.

Ndege yenyewe inatumia muda gani?

Hapa inabidi tutenganishe aina tatu za muda zinazochanganywa kila siku. Ya kwanza ni muda wa kuwa angani, tangu magurudumu yaachane na lami hadi yaiguse tena, ambao kwa Heathrow hadi Schiphol huwa kati ya dakika 40 na 55. Ya pili ni muda wa ratiba, tangu ndege isukumwe kutoka langoni hadi isimame kwenye lango la upande wa pili, ambao mashirika mengi huuandika kuwa kati ya saa moja na dakika kumi na saa moja na nusu. Ya tatu ni muda wa mlango hadi mlango, tangu ufunge nyumba yako hadi ubishe hodi unakokwenda, na huo ni karibu saa tano. Anayekwambia kwamba London hadi Amsterdam ni dakika 45 hajadanganya, ila amekutajia sehemu ndogo kuliko zote.

Rubani alitangaza dakika 42, lakini ratiba inasema saa moja na dakika ishirini. Dakika nyingine zimekwenda wapi?

Zimekwenda ardhini, na nyingine ni akiba. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia, zinazofanya kazi karibu na ukomo wake tangu alfajiri hadi usiku, hivyo ndege iliyokwisha kufunga milango inaweza kujipanga foleni nyuma ya nyingine sita au saba zikingoja zamu. Dakika kumi na tano za kutambaa na kusimama, kutambaa na kusimama, ni jambo la kawaida hapo.

Upande wa Schiphol kuna njia sita za kurukia, na moja wapo ina sifa yake ya pekee miongoni mwa wasafiri. Inaitwa Polderbaan, ilifunguliwa mwaka 2003, ina urefu wa mita 3,800, na iliwekwa mbali na jengo la abiria kwa makusudi ili kelele zisiwasumbue wakazi wengi. Ukitua hapo, ndege hutembea ardhini robo saa na wakati mwingine zaidi. Mara ya kwanza nilipotua Polderbaan nilidhani tumepotea: nilitazama dirishani nikaona mashamba, mfereji, ng'ombe wachache, kisha ndege ikapita juu ya daraja, na chini yetu magari yalikuwa yakikimbia kwenye barabara kuu ya A5. Abiria wa kiti cha jirani alikuwa amekwisha kuvaa koti na kulivua tena kabla hatujafika langoni.

Kuhusu akiba: mashirika ya ndege huongeza dakika kwenye ratiba kwa sababu yanajua foleni hizo zipo, na kwa sababu ndege ileile itatakiwa kugeuza na kurudi mara kadhaa kwa siku. Ndiyo maana husikika tangazo la kuwahi kufika kwa dakika kumi hata siku ambayo mliondoka mmechelewa kidogo. Kwa maoni yangu hakuna ubaya katika akiba hiyo; abiria anayemngojesha mtu mapokezi ni heri aambiwe saa moja na nusu ikawa saa moja na robo, kuliko kinyume chake.

Ndege za leo hukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Je, kilomita 371 hazipaswi kwisha chini ya nusu saa?

Zingekwisha kwa dakika 27 hivi kama ndege ingeanza na kumaliza safari ikiwa kwenye mwendo huo. Lakini katika safari fupi kama hii ndege hutumia karibu muda wote ikipanda au ikishuka, na kipande cha kuruka sawasawa katikati huwa kifupi sana. Mara nyingi haifiki hata futi 30,000, wakati ndege za masafa marefu hupita juu ya 35,000, kwa sababu haina faida kupanda mlima ambao utaanza kuushuka mara tu ukifika kileleni. Isitoshe, chini ya futi 10,000 kwa kawaida hutakiwa isivuke maili 250 za baharini kwa saa, ambazo ni kama kilomita 463.

Ukigawa kilomita 371 kwa dakika 45 za angani, wastani ni kama kilomita 495 kwa saa. Ukizigawa kwa muda wa ratiba wa saa moja na robo, wastani hushuka hadi kama kilomita 297. Na ukichukua kilomita 358 za mjini hadi mjini ukazigawa kwa saa tano za mlango hadi mlango, unapata kilomita 72 kwa saa, ambao ni mwendo wa basi la mkoani.

Wahudumu wa ndege ndio wanaoujua ufupi huu vizuri zaidi. Taa ya mikanda huzimwa ndege ikikaribia pwani ya Uingereza, toroli hutoka mbio, kahawa na kipande cha mkate hugawiwa juu ya Bahari ya Kaskazini, na kabla safu za nyuma hazijamaliza kutafuna, mifuko ya taka inapita kukusanya vikombe. Siku ikiwa wazi, tazama dirishani badala ya simu: utaona safu za mitambo ya upepo iliyosimikwa baharini, kisha ukanda mweupe wa mchanga wa pwani ya Uholanzi, vioo vya mabanda ya kilimo vinavyong'aa, na ikiwa ni Aprili, mashamba ya maua ya tulipu yaliyopangwa kwa mistari ya rangi. Ardhi unayotua iko chini ya usawa wa bahari kwa mita tatu hivi, kwa sababu Schiphol umejengwa ndani ya ziwa la zamani, Haarlemmermeer, lililokaushwa kwa mashine za mvuke kati ya mwaka 1849 na 1852.

Je, kwenda na kurudi ni muda uleule?

Si sawasawa. Katika sehemu hii ya Ulaya upepo wa juu huvuma zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo ndege inayokwenda Amsterdam husukumwa na inayorudi London huukabili. Katika safari ya kuvuka Atlantiki jambo hilo huleta tofauti ya saa nzima au zaidi, lakini hapa ndege haikai juu kiasi cha kutosha; tofauti huwa ya dakika chache tu.

Kinachorefusha safari ya kurudi zaidi ya upepo ni foleni ya angani. Ndege zinazokaribia Heathrow hupangwa kwenye maeneo manne ya kusubiria, nazo huzunguka hapo moja juu ya nyingine kama ngazi, zikishuka daraja moja kila ya chini inapoitwa. Zinazotoka Amsterdam kwa kawaida hupelekwa Lambourne, kaskazini mashariki ya jiji. Ukiwa dirishani utaona viunga vilevile vya London vikipita mara mbili au tatu. Rubani hajasahau njia.

Ndege yangu inaondoka London 09:00 na kufika 11:20, lakini ya kurudi inaondoka Amsterdam 12:00 na kufika 12:20. Hii inawezekanaje?

Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika, na Amsterdam iko mbele ya London kwa saa moja. Safari zote mbili ulizotaja zina muda wa saa moja na dakika 20; kwenda unaongezewa saa moja, kurudi unarudishiwa. Tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima, kwa sababu Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa zao kwa wakati mmoja, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kinachobadilika ni tofauti kati ya miji hiyo na Afrika Mashariki, ambako saa hazisogezwi. Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele ya London kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi, na mbele ya Amsterdam kwa saa moja au mbili.

Ukifuata jua, tofauti ya saa nzima ni kubwa mno. Amsterdam iko kama nyuzi 4.9 mashariki ya mstari wa Greenwich, na jua huchukua dakika nne kwa kila nyuzi, kwa hiyo jua la Amsterdam limetangulia lile la Greenwich kwa dakika kama 20 tu. Na kwa kweli Waholanzi walikuwa na saa yao wenyewe iliyozingatia hilo: tangu mwaka 1909 saa rasmi ya nchi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa dakika 19 na sekunde 32, na mwaka 1937 wakaifanya dakika 20 kamili ili kurahisisha hesabu. Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi na kuipa saa ya Berlin, na vita vilipokwisha saa hiyo haikurudishwa. Kwa hiyo saa moja unayoipoteza ukienda Amsterdam, dakika 20 ni za jua na 40 ni za historia.

Tiketi imeandikwa 07:05. Hiyo ni saa ngapi kwa Kiswahili?

Ni saa moja na dakika tano asubuhi. Swali hili huonekana dogo, lakini limewaachisha watu ndege. Tiketi huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, na Kiswahili huhesabu kuanzia kuchomoza na kuchwa kwa jua, kwa hiyo lazima uondoe au uongeze sita. 13:10 ni saa saba na dakika kumi mchana, 18:45 ni saa moja kasorobo jioni, na 21:30 ni saa tatu na nusu usiku.

Binamu yangu alikuwa amefikia kwangu London na alikuwa na ndege ya 07:05 kwenda Amsterdam. Usiku tukaulizana anaondoka saa ngapi, naye, akiitazama tiketi, akajibu "saa saba na dakika tano", nami nikaelewa mchana. Saa mbili na nusu asubuhi alikuwa amesimama sebuleni akipiga pasi shati la safari, akiimba, wakati ndege yake imekwisha kusimama Schiphol. Tangu hapo nyumbani kwetu tiketi husomwa kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, na kila mtu hutafsiri kivyake kabla ya kulala.

Zamani safari hii ilichukua muda gani?

Njia hii ni miongoni mwa kongwe kabisa katika usafiri wa anga. Safari ya kwanza ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ilikuwa hii hii, tarehe 17 Mei 1920, kutoka uwanja wa Croydon, kusini ya London, hadi Schiphol. Ndege ilikuwa ya kukodi, aina ya De Havilland DH.16, ikirushwa na rubani Mwingereza Jerry Shaw, na ndani yake walikuwamo waandishi wa habari wawili pamoja na magazeti. Ilikaa angani zaidi ya saa mbili. Ukikumbuka kwamba Croydon ukaguzi ulikuwa mdogo na abiria waliongozwa moja kwa moja hadi kwenye ndege iliyosimama majanini, inawezekana kabisa kwamba abiria wa mwaka 1920 alitumia muda uleule wa mlango hadi mlango tunaotumia leo, au pungufu.

Niondokee uwanja gani wa London?

Usitazame kilomita za angani, tazama unapoanzia. Aliye magharibi ya jiji hana sababu ya kwenda Stansted eti kwa kuwa uko karibu na Uholanzi kwa kilomita 58. Heathrow una ndege nyingi zaidi kwa siku, jambo lenye thamani siku mambo yakiharibika, maana ukikosa moja kuna nyingine baada ya muda mfupi. Kutoka kituo cha Paddington, treni ya Heathrow Express hufika kwa robo saa, reli ya Elizabeth kwa nusu saa hivi kwa nauli ndogo zaidi, na reli ya chini ya ardhi ya Piccadilly huchukua karibu saa nzima kutoka katikati ya jiji kwa nauli ndogo kuliko zote. Hakikisha unajua terminali yako kabla ya kupanda treni, kwa sababu terminali za Heathrow haziko jirani kiasi cha kutembea kwa miguu kutoka yoyote hadi yoyote.

London City ndio ninaoupenda kwa safari hii. Ulifunguliwa mwaka 1987, ni mdogo, na kutoka mlangoni hadi langoni ni hatua chache. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 1,508 tu, hivyo hutumia ndege ndogo zilizoidhinishwa kushuka kwa mteremko mkali wa nyuzi 5.5, karibu mara mbili ya ule wa kawaida. Anayeogopa ndege aambiwe mapema. Kumbuka pia kwamba hufungwa kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili mchana.

Nihesabuje muda wa mlango hadi mlango?

Chukua mfano wa mtu anayeishi katikati ya London na anakwenda katikati ya Amsterdam. Dakika 45 za kufika Heathrow, saa mbili za kuwahi kwa ajili ya mizigo na ukaguzi, saa moja na robo ya ratiba, dakika 40 za uhamiaji na kutembea ndani ya Schiphol, kisha dakika 25 za kungoja na kupanda treni ya kwenda Amsterdam Centraal, ambayo yenyewe huchukua kama dakika 17 na kituo chake kiko chini ya jengo la abiria. Jumla ni saa tano na dakika tano. Asiye na begi la kupakiza anaweza kuokoa nusu saa. Anayesafiri asubuhi ya sikukuu aongeze saa nzima.

Sehemu isiyotabirika zaidi ni uhamiaji. Uingereza haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka kati yao, na tangu ilipojitoa Umoja wa Ulaya, abiria wenye pasipoti za Uingereza nao hupanga foleni kama wageni wengine. Kuanzia tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kuingiza kwa awamu mfumo wa kuwapiga picha na kuwachukua alama za vidole wageni wanaoingia, na anayeandikishwa kwa mara ya kwanza hukaa dirishani muda mrefu zaidi.

Je, treni inaweza kushindana na ndege?

Inashindana, na kwa watu wengi inashinda. Eurostar ilianza safari za moja kwa moja kutoka London hadi Amsterdam Aprili 2018, na za kurudi moja kwa moja Oktoba 2020; kabla ya hapo aliyetoka Amsterdam ilimpasa kuteremka Brussels na kukaguliwa huko. Safari za kurudi zilisimama kuanzia Juni 2024 hadi Februari 2025 kwa sababu ya ukarabati wa kituo cha Amsterdam. Treni huchukua takriban saa nne kutoka kituo cha St Pancras cha London hadi Amsterdam Centraal, na hutakiwa kuwahi kama saa moja na robo.

Faida yake kubwa ni kwamba pasipoti hukaguliwa na maofisa wa upande wa Schengen palepale St Pancras, na ukishuka Amsterdam unatoka mlangoni ukakutana na tramu. Ukiongeza nusu saa ya kufika kituoni, jumla ni kama saa tano na dakika 45, yaani dakika 40 zaidi ya ndege, lakini saa nne kati ya hizo umekaa kitini pamoja na mizigo yako. Upungufu wake ni idadi ndogo ya safari kwa siku na nauli zinazopaa sana ukichelewa kukata.

Na gari, basi au meli?

Gari kupitia reli ya chini ya bahari, ambayo huvusha magari kwa dakika 35 kutoka Folkestone hadi Calais, huchukua saa saba hivi pamoja na kungoja. Basi huchukua kati ya saa kumi na kumi na mbili na ndilo la bei nafuu kuliko yote. Meli ya Harwich hadi Hoek van Holland huchukua kama saa saba, na ina safari ya usiku yenye vyumba vya kulala: unapanda jioni, unaamka Uholanzi. Kwa asiye na haraka, hiyo ndiyo njia inayokufanya uhisi kwamba umevuka bahari.

Nina kibali cha kuishi Uingereza. Je, nahitaji viza kwa safari ya saa moja?

Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, unahitaji viza ya Schengen ili kuingia Uholanzi. Kibali cha Uingereza hakitoshi. Ufupi wa safari haupunguzi chochote katika sharti hilo, na maombi huchukua wiki kadhaa.

Natoka Dar es Salaam kupitia Amsterdam kwenda London. Niache muda gani wa kuunganisha?

Ndege za KLM kutoka Dar es Salaam, Kilimanjaro na Nairobi hutua Schiphol, na kipande cha mwisho cha kwenda London ndicho hiki tunachokizungumzia. Jambo zuri ni kwamba jengo la abiria ni moja, na kwa kuwa unatoka nje ya Schengen na kwenda nje ya Schengen, hupiti dirisha la uhamiaji la Uholanzi, ingawa unaweza kukaguliwa tena mizigo ya mkononi. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wajue kwamba nchi yao imo katika orodha ya zinazotakiwa kuwa na viza hata ya kupitia uwanjani, isipokuwa kwa wenye misamaha maalumu, hivyo waulize ubalozini kabla ya kukata tiketi. Binafsi sikati tiketi yenye chini ya saa moja na nusu. Tiketi zote mbili zikiwa kwenye nafasi moja iliyokatwa pamoja, shirika likikuchelewesha linawajibika kukutafutia ndege nyingine. Ukizikata mbalimbali ili kuokoa pesa, hasara ya kuikosa ya pili ni yako.

Ndege ikichelewa, umbali una uhusiano gani na fidia?

Una uhusiano wa moja kwa moja. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 hupanga fidia kwa umbali wa mstari mfupi, si kwa nauli uliyolipa. Safari zisizozidi kilomita 1,500, kama hii, ni euro 250 kwa kila abiria akifika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi, ilimradi sababu iwe ndani ya uwezo wa shirika. Ukungu, dhoruba na migomo ya waongoza ndege havihesabiwi. Ukiondoka London, sheria ya Uingereza iliyorithiwa kutoka hiyo hutoa pauni 220. Aliyekata tiketi kwa bei ya kutupa anaweza kulipwa mara tano ya nauli yake, na hiyo ni haki yake.

Mabishano huja pale ndege inapotua dakika chache kabla ya saa tatu kutimia. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba saa ya kufika si ile magurudumu yanapogusa lami, wala ile ndege inaposimama langoni, bali ni pale mlango wake mmoja angalau unapofunguliwa ili abiria waruhusiwe kutoka. Kwa hiyo siku ya kuchelewa, ukitua Polderbaan na kutambazwa robo saa juu ya barabara ya A5, shika simu yako na uandike dakika ambayo mlango umefunguliwa.